Bei ya Mlangoni Si Bei ya Safari

Kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikifuatilia malalamiko ya mashabiki wa bendi za roki za Ulaya na Marekani juu ya kiingilio na masafa wanayokwenda, na kila nikiyapima malalamiko hayo naona yana funzo kwetu sisi watu wa Pwani. Najua wapo watakaoniuliza: roki yakuhusu nini wewe? Sisi watu wa udi na gambusi, wa kasida na maulidi, tuna haja gani na magitaa ya umeme? Nawajibu mapema. Sikukusudia kuusifu muziki huo wala kuutia ila, wala sitaingia katika mjadala wa masheikh wetu juu ya ala na uimbaji. Mjadala huo una wenyewe, na mimi si mmoja wao. Ninalolizungumza hapa ni biashara: muuzaji, mnunuzi, bei na njia. Na biashara, ndugu msomaji, ni jambo tulilolijua tangu zama za majahazi ya kusi na kaskazi.

Kauli yangu ni hii. Bei iliyoandikwa juu ya tikiti haisemi kweli yote. Mtu atokaye mbali hulipa mara mbili: hulipa njiani, na hulipa mlangoni. Na kwa kuwa amekwisha lipa njiani, nauli imetoka, chumba kimekodiwa, ruhusa ya kazini imeombwa, huwa hana tena uwezo wa kusema "sitaki" anapofika mlangoni. Hapo ndipo dhuluma inapopata upenyo. Anayemtoza mtu wa namna hii zaidi ya haki yake hauzi muziki tena. Anauza dhiki ya msafiri.

Na tusidhani kwamba roki ni kitu kisicho na mguu wake huku kwetu. Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946, katika familia ya Waparsi, na jamaa zake wakahamia Uingereza mwaka 1964. Bendi yake ya Queen ilizunguka dunia ikijaza viwanja, lakini Unguja haikupiga hata siku moja. Ilipokuja Afrika mwaka 1984 ilikwenda kupiga Sun City, katika Afrika ya Kusini ya wakati wa ubaguzi wa rangi, jambo ambalo lililaumiwa sana. Kutoka Mji Mkongwe hadi huko ni zaidi ya kilomita 2,000, na hata angekuwapo kijana wa Unguja mwenye fedha za kwenda, hakuwa na sababu ya kutia mguu katika nchi iliyomtenga kwa rangi yake. Basi mtoto wa nyumbani aliimbia dunia nzima, na majirani waliomwona akicheza uchochoroni wakamsikia katika santuri tu.

Hali hiyo haijabadilika sana. Ukichukua ramani ukazitia alama safari za bendi kubwa, utaona zinaturuka kama ndege ya abiria inavyoruka kijiji. U2 walipiga Johannesburg na Cape Town mwezi wa Februari, 2011. Rolling Stones walipiga Abu Dhabi mwaka 2014. Coldplay wakapiga Abu Dhabi mausiku manne mwezi wa Januari, 2025. Mtu wa Mombasa mwenye kupenda mambo hayo ana njia mbili: aelekee kusini zaidi ya kilomita 2,500, au aelekee Ghuba yapata kilomita 3,500, na huko Ghuba aanze na viza. Kwake yeye tikiti ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Kwa sababu hiyo nasema kwamba anayetaka kujua uzito wa kiingilio asimwulize mwenyeji wa mji anayerudi kulala kwake. Amwulize mgeni.

Sasa natuangalie yaliyotokea Uingereza. Mwezi wa Agosti, 2024, bendi ya Oasis ya ndugu wawili wa Manchester, ambao walikuwa wamekosana tangu mwaka 2009, ilitangaza kwamba ndugu wamepatana na watapiga tena mwaka 2025, katika miji ya Cardiff, Manchester, London, Edinburgh na Dublin. Miji mitano tu, kwa watu wa dunia nzima. Jumamosi ya tarehe 31 Agosti tikiti zikaanza kuuzwa kwa kompyuta. Mamilioni ya watu wakapanga foleni isiyoonekana, wengine wakakaa mbele ya kioo saa nyingi, wakitazama namba yao ikipungua pole pole. Walikuwa wametangaziwa kwamba tikiti ya kusimama uwanjani itakuwa pauni zipatazo 150. Wengi walipofika mwisho wa foleni wakakuta tikiti ile ile, ya mahali pale pale, imekuwa zaidi ya pauni 350, na wakapewa dakika chache waamue. Kwa ubadilishaji wa siku zile, ni kama kumtangazia mtu shilingi 25,000 za Kenya kisha kumtoza 60,000.

Kulizuka makelele makubwa. Bendi yenyewe ikasema kwamba mambo ya tikiti na bei huwaachia mapromota na mameneja wao. Watu wengi wakaamini kwamba kompyuta ndiyo iliyokuwa ikipandisha bei kila dakika kwa kadiri ya wingi wa watu. Lakini mamlaka ya Uingereza inayosimamia ushindani wa biashara ilipochunguza, haikuona ushahidi wa hilo. Iliyoyaona ni mengine, nami nayahesabu kuwa mabaya zaidi. Tikiti za kusimama zilikuwa zimepangwa tangu mwanzo kwa bei mbili, ya chini na ya juu. Ya chini ilipokwisha ikafunguliwa ya juu, na watu waliokuwa katika foleni hawakuambiwa lolote. Aidha, baadhi ya viti vilipewa jina la fahari na kuuzwa karibu mara mbili na nusu ya bei ya kawaida, ingawa aliyevinunua hakupata zaidi ya alichopata jirani yake. Mwezi wa Septemba, 2025, kampuni iliyouza tikiti hizo, Ticketmaster, ikakubali kwamba tangu hapo itawajulisha watu saa 24 kabla ya mauzo iwapo tikiti zitauzwa kwa bei za madaraja.

Hebu tulitie jambo hili katika mizani yetu wenyewe. Wako watakaosema: bei ni mali ya muuzaji, na mnunuzi hakulazimishwa. Neno hilo lina asili katika dini. Tunasoma katika Hadithi kwamba bei zilipopanda Madina, watu walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamtaka awawekee bei, naye akakataa, akaliacha jambo hilo kwa Mwenyezi Mungu. Basi kupanda kwa bei peke yake, kwa sababu bidhaa ni chache na wanunuzi ni wengi, si dhuluma. Anayetaka kuwatetea wauza tikiti aanze hapo, na mimi namkubalia hapo.

Walakini Mtume huyo huyo aliyekataa kupanga bei alikataza mambo kadha wa kadha sokoni, na yote yanarudi kwenye shina moja, nalo ni kumficha mtu asijue. Alikataza watu wa mjini kuutokea msafara njiani kabla haujafika sokoni, kwa sababu mwenye msafara ametoka mbali na hajaijua bei ya soko. Alikataza mtu asiye na nia ya kununua asipandishe bei kwa hila ili mwengine adanganyike. Alikataza kuuza kitu usichokuwa nacho. Na kuhodhi bidhaa ili watu wataabike kumelaaniwa. Ukiyaangalia makatazo haya vizuri utaona kwamba wa kwanza kulindwa ni yule aliyetoka mbali, asiyejua, aliyechoka, ambaye mjanja anamsubiri njiani.

Sasa pimeni. Mtu aliyekaa katika foleni saa tano akiwa ametangaziwa bei moja, huku mwenye kuuza akijua kwamba nyuma ya pazia kuna bei ya pili, ana tofauti gani na mwenye msafara aliyetokewa njiani? Na walanguzi wa siku hizi, wanaotangaza tikiti ambazo bado hawajazipata, kwa tamaa kwamba watakuja kuzinunua baadaye kwa bei ya chini, wanauza nini kama si kitu wasichokuwa nacho? Kuna mashabiki waliosafiri mpaka mlango wa uwanja wakaambiwa tikiti yao si tikiti. Fedha ya tikiti huenda ikarudishwa. Je, nauli nayo itarudishwa na nani?

Wala jambo hili halikuanza na Oasis. Mwaka 1994 bendi ya Pearl Jam, ya mji wa Seattle, Marekani, iliamua kwamba vijana wake wasitozwe zaidi ya dola 20. Waliitaka tikiti iwe dola 18, na ada ya muuzaji isizidi dola 1.80. Kampuni ya kuuza tikiti ikakataa. Na kwa kuwa kampuni hiyo ilikuwa na mikataba ya pekee na kumbi nyingi kubwa za nchi, anayeikataa hana pa kupiga. Mwezi wa Mei mwaka huo Pearl Jam wakapeleka mashitaka kwa Wizara ya Sheria, na tarehe 30 Juni wanamuziki wawili wa bendi hiyo, Stone Gossard na Jeff Ament, wakaketi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani wakatoa ushahidi.

Kilichofuata ndicho ninachotaka msomaji akizingatie. Mwaka 1995 Pearl Jam walijaribu kusafiri nje ya utawala wa kampuni hiyo. Kwa kuwa kumbi za mijini zilikuwa zimefungwa kwa mikataba, iliwabidi wakapige katika viwanja vya maonyesho na mahali pengine palipokuwa kando ya miji, pasipozoea mikusanyiko mikubwa, na wakuu wa usalama wa baadhi ya sehemu wakatia shaka. Tikiti ikawa rahisi kama walivyoahidi, lakini njia ikawa ndefu. Kijana aliyeokoa dola kumi mlangoni aliweza kuzitia zote katika petroli. Ziara ikavurugika, maonyesho kadhaa yakafutwa, na mwezi wa Julai, 1995, Wizara ya Sheria ikaufunga uchunguzi wake. Mwaka 1998 bendi ikarejea kuuza tikiti kupitia kampuni ile ile iliyoishitaki.

Wapo wanaoisimulia habari hiyo kwa kucheka, kwamba watoto walishindana na tembo. Mimi siicheki. Naiona kuwa ushahidi wa hoja yangu, kwamba bei na masafa ni ndugu wa tumbo moja. Ukimkaba mmoja, mwengine hulia. Anayemiliki milango yote ya mjini humiliki pia njia zote za kuendea, kwani anaweza kumlazimisha mwimbaji na msikilizaji waende wakakutane jangwani. Wamarekani wenyewe wamelirudia jambo hilo. Kampuni hiyo ya tikiti iliungana mwaka 2010 na Live Nation, kampuni kubwa ya kuandaa maonyesho, na mwezi wa Mei, 2024, Wizara ya Sheria pamoja na majimbo mengi ikayapeleka makampuni hayo mahakamani kwa shutuma ya kuhodhi soko. Miaka thelathini kamili tangu mashitaka ya Pearl Jam! Kawia ufike, walisema wahenga.

Haki pia yataka tusikilize upande wa pili. Mwanamuziki wa leo hali mkate wa santuri. Tangu mwaka 1999, vijana walipoanza kuchukuliana nyimbo bure kwa kompyuta kupitia Napster, mapato ya santuri na kanda yaliporomoka, na fedha za nyimbo zinazosikizwa siku hizi kwa intaneti humfikia mwimbaji kwa matone. Iliyobaki kwake ni jukwaa. Na jukwaa la siku hizi si mkeka na taa ya karabai. U2 walipozunguka dunia kati ya mwaka 2009 na 2011 walikuwa na majengo matatu ya chuma ya jukwaa lao, ili moja likitumika, jengine liwe linajengwa katika mji wa mbele na la tatu liko njiani kwa malori. Walifanya maonyesho 110, mbele ya watu zaidi ya milioni saba, wakakusanya zaidi ya dola milioni 730. Nani angesema kwamba mizigo ya namna hiyo ibebwe bure?

Lakini ujenzi wa fahari kama huo umeleta jambo jengine. Bendi zimeanza kuona kwamba ni nafuu kuacha kusafiri kabisa. U2 hao hao walikaa Las Vegas kuanzia Septemba, 2023 hadi Machi, 2024, wakapiga mara 40 katika ukumbi mmoja mpya uitwao Sphere. Mizigo haikutikisika, waliotikisika ni watu. Gharama ya njia iliyokuwa ya bendi ikahamishwa ikawa ya shabiki, wala haikuonekana juu ya tikiti. Walao nauli hiyo ni mashirika ya ndege na mahoteli, ambayo nayo hupandisha bei kila yasikiapo kuna tamasha. Bandu bandu huisha gogo, na gogo linalochongwa hapa ni mfuko wa mtu wa kawaida.

Jambo linalonipa matumaini ni kwamba wako wanamuziki wa roki walioonyesha kwamba inawezekana kwenda njia nyengine. Bendi ya Fugazi, ya mji wa Washington, iliyopiga kuanzia mwaka 1987 hadi 2003, ilijulikana kwa kiingilio cha dola tano, na milango yake haikumfungia kijana kwa ajili ya umri. Grateful Dead, wa California, walikuwa na wafuasi waliowaandama mji hadi mji kwa mabasi yaliyochakaa, na bendi ikawatambua watu hao badala ya kuwakamua. Mwaka 1983 ilianzisha ofisi yake yenyewe ya kuuza tikiti kwa posta, na mwaka 1984 ikawatengea mahali maalumu waliotaka kurekodi muziki kwa kanda zao wenyewe. Wengine wangewaita wezi. Wao wakawaita wageni. Kanda zile zilizunguka mkono kwa mkono, na kila aliyesikiliza akatamani kwenda kuona. Bendi haikufilisika, katika miaka yake ya mwisho ilikuwa miongoni mwa bendi zenye kukusanya watu wengi kabisa Marekani.

Na mwezi wa Machi, 2023, Robert Smith, kiongozi wa bendi ya The Cure, aliweka tikiti za bei ya chini, nyengine dola 20 tu. Mashabiki walipokwenda kununua wakakuta ada za muuzaji zimeshinda tikiti yenyewe. Bwana huyo hakusema kwamba hayo ni mambo ya mameneja. Alilalamika hadharani, akaibana kampuni, na kampuni ikakubali kurudisha dola 10 kwa waliokuwa wamenunua tikiti za chini na dola 5 kwa waliobaki. Ni kidogo, sikatai. Lakini ilidhihirika kwamba mwenye jina juu ya bango akitaka kusema, husikizwa.

Linganisha na yaliyompata Bruce Springsteen, mwimbaji aliyejipatia sifa kwa kuwaimbia wafanya kazi wa viwandani. Mwezi wa Julai, 2022, baadhi ya tikiti zake zilifika dola 4,000 na zaidi kwa mtindo wa bei inayopanda na haja ya watu. Ilielezwa kwamba tikiti za namna hiyo zilikuwa chache na nyingi ziliuzwa kwa bei ya wastani. Huenda. Lakini jarida la mashabiki wake liitwalo Backstreets, lililokuwa likimfuata kwa miaka 43, lilitangaza mwezi wa Februari, 2023, kwamba linafunga mlango, kwa kuwa waandishi wake wamevunjika moyo. Fedha zilizopatikana katika tikiti hizo zitahesabika. Moyo wa watu wa miaka 43 utahesabiwa kwa sarafu gani?

Sasa turudi Pwani. Mila yetu ya kusikiliza ilijengwa juu ya msingi mwengine. Taarabu ilimfuata msikilizaji. Juma Bhalo na Zein l'Abdin walikwenda kwenye arusi za watu. Mwenye arusi ndiye aliyebeba gharama, na wasikilizaji wakatunza kwa hiari, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake na kwa kadiri ubeti ulivyomgusa. Mwenye noti alitoa noti, asiye nayo alitoa kofi na vigelegele, wala hakutolewa nje. Na katika mambo ya dini, ambayo siyalinganishi na burudani, kila mwaka watu husafiri kutoka pande zote za Pwani kwenda Maulidi ya Lamu. Nauli wanailipa wenyewe, lakini wakifika hupokewa majumbani, wakalala na kula. Watu wa Lamu wanajua kwamba aliyesafiri ameshalipa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini mila hiyo inatuponyoka, na tusijifiche nyuma ya jina la utamaduni. Siku hizi vijana wetu nao hupanda gari la moshi kwenda Nairobi kwa ajili ya matamasha. Mwezi wa Januari, 2024, nauli ya daraja la chini kati ya Mombasa na Nairobi ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Kwenda na kurudi ni 3,000, hujala, hujalala, hujalipa kiingilio. Kijana wa Lamu huanza kwa boti mpaka Mokowe, kisha basi, ndipo afike mahali ambapo mwenzake wa Mombasa anaanzia. Baadaye atasikia kwamba tamasha limesogezwa mbele, au kwamba bei ya mlangoni si ile ya bango, au kwamba mwimbaji mkubwa hakutokea. Hapa kwetu hakuna kompyuta ya kulaumiwa. Ni mtu na kalamu yake.

Unguja wamejaribu njia yao. Tamasha la Sauti za Busara, lililofanywa mara ya kwanza mwaka 2004 na kuzoeleka kufanyika Ngome Kongwe, limekuwa na desturi ya kuweka bei mbali mbali: mwenyeji hulipa kidogo, mgeni wa ng'ambo hulipa zaidi, na kila mtu anaijua bei yake kabla hajatoka kwake. Hiyo nayo ni bei ya madaraja, lakini imewekwa juu ya meza. Sitaki nionekane nasema kwamba ni dawa ya kila ugonjwa, maana mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika kwa kukosa fedha. Kiingilio cha chini hakijilipi chenyewe. Lazima pawe na mfadhili, au serikali, au tajiri mwenye kuona mbali. Arusi ilikuwa na mwenye arusi. Tamasha nalo lataka mwenyewe.

Kwa hayo yote natoa rai tatu. Kwanza, bei itangazwe nzima, pamoja na ada zote, tangu siku ya kwanza, na isibadilike baada ya mtu kusimama katika foleni. Marekani ilianza kutumia kanuni mwezi wa Mei, 2025, kwamba muuza tikiti za maonyesho aonyeshe jumla yote tangu mwanzo. Lililowezekana huko kwa makampuni makubwa haliwezi kutushinda hapa. Pili, ulanguzi ukomeshwe. Serikali ya Uingereza ilitangaza mwezi wa Novemba, 2025, kwamba inakusudia kupiga marufuku kuuza tena tikiti kwa zaidi ya bei yake ya asili. Sisi tuna fikira ya kale zaidi kuliko hiyo: miji ya Kiislamu ilikuwa na muhtasibu, mkaguzi wa soko, aliyetembea na mizani yake. Hata wanazuoni walioshikilia kwamba bei iachwe huru, waliona kwamba wenye kuhodhi wakishika soko, kama alivyoeleza Ibn Taymiyya, mtawala aweza kuingilia kati. Tatu, anayeahirisha au kuvunja tamasha bila udhuru wa haki ajue kwamba deni lake si tikiti peke yake. Aliyetoka Lamu, Vanga au Kipini amrudishie na nauli, au walau sehemu yake. Sheria ikiandikwa hivyo, mapromota watajifunza kutunza ahadi zao.

Na kwa wanamuziki wenyewe, wa roki na wa taarabu, wa London na wa Likoni, nina neno moja. Msiseme kwamba mambo ya bei ni ya mameneja. Watu hawakusafiri kwenda kumwona meneja. Jina lililo juu ya bango ndilo lililomtoa mtu kwake, na mwenye jina hilo ana amana shingoni mwake mpaka mtu huyo arudi nyumbani salama, akiwa na nauli ya kurudia.

Hayo ndiyo yangu. Mwenye lake naye na alete.